Mtwara inalipia mchanga nauli ya kwenda Mangamba

Kila msimu wa bajeti unapokaribia, mjadala wa taka katika Manispaa ya Mtwara-Mikindani huanzia kwenye magari: yako mangapi barabarani, mangapi yamelala gereji, na fungu la kununua jingine litatoka wapi. Ni mjadala wenye haki yake, kwa sababu taka zisizo na gari hubaki pale zilipo, na mwananchi anayeona lundo limefika nusu ya ukuta wa jirani hawezi kuambiwa asubiri falsafa. Hata hivyo, mjadala huo unaliruka swali linalopaswa kutangulia, nalo ni kwamba tunapakia nini ndani ya magari hayo. Rai yangu ni kwamba tunasafirisha mchanga na majani, vitu ambavyo kwa sehemu kubwa havikupaswa kutoka uani kwa mwenye nyumba, na kwamba mpango wowote wa huduma ya taka na usafi wa barabara kwa miaka kumi ijayo utakaopanga magari kabla ya kuamua kitakachozuiwa kupanda magari utatufikisha tena hapa tulipo, tukiwa na magari mapya yaliyochakaa.

Tuanze na hesabu ya jumla. Sensa ya mwaka 2012 iliikuta manispaa hii na watu 108,000 na ushei. Ile ya mwaka 2022 ikakuta zaidi ya 146,000. Benki ya Dunia, katika tathmini yake ya mwaka 2018 kuhusu taka ngumu duniani, ilikadiria kwamba mtu mmoja katika nchi zilizo kusini mwa Jangwa la Sahara huzalisha wastani wa kilo 0.46 za taka kwa siku. Kwa wastani huo, mji wetu ungezalisha kiasi cha tani 67 kila siku, ambazo kwa gari la kubeba tani 7 ni karibu safari 10, Jumapili na sikukuu zikiwa ndani yake. Tathmini hiyohiyo ilionesha kwamba katika nchi zenye kipato cha chini zaidi ya nusu ya taka ni mabaki ya chakula na majani, na kwamba halmashauri za nchi hizo hutumia karibu asilimia 20 ya bajeti zao kwenye taka huku zikifanikiwa kuzoa chini ya nusu ya kinachozalishwa. Takwimu za namna hii ni za wastani wa nchi nyingi na haziwezi kuusemea mtaa wa Chikongola, lakini zinatosha kutuonesha ukubwa wa mzigo. Kitu kimoja hazikuonesha, kwa sababu ni wachache wanaokihesabu kuwa taka, na kwetu sisi tunaoishi juu ya udongo wa pwani ndicho kinacholemea mizani.

Pita alfajiri Majengo, Magomeni au Chuno usikilize fagio la chelewa. Ua unafagiwa kila siku, hata siku ambayo hakuna kilichodondoka, kwa sababu ua usiofagiwa unaisema nyumba vibaya. Mfagiaji anaanzia mlangoni, anakokota majani ya mwembe, maganda ya mihogo, vifuko na vibiriti, na kila mkokoto wa fagio unachukua pia ngozi nyembamba ya mchanga. Rundo likifika pembeni mwa ua, kwa macho ni rundo la majani. Likipakiwa kwenye kiroba, mtoto aliyeagizwa kulipeleka kizimbani, mahali pa mtaa pa kukusanyia taka, anaanza kulalamika njiani. Ndoo ya lita 20 iliyojaa majani makavu haifiki kilo 5, lakini ndoo hiyohiyo ikijazwa mchanga mkavu hupita kilo 30. Kwa maneno mengine, mchanga ukiwa robo tu ya ndoo unaweza kuwa sehemu kubwa ya uzito wake wote.

Athari ya tabia hii huonekana kwanza kwenye nyumba yenyewe. Tazama nyumba zilizojengwa zaidi ya miaka ishirini iliyopita katika mitaa ya zamani ya mji: misingi mingi iko wazi, kizingiti kimebaki juu na mwenye nyumba ameongeza ngazi ya tofali ili wazee waweze kupanda. Mvua inalaumiwa, na kweli ina sehemu yake, lakini sehemu nyingine ya ardhi ile ilifagiwa kidogo kidogo, ikatiwa kwenye viroba na kupelekwa mbali kwa gharama ya mwenye nyumba na ya manispaa. Mtu huyohuyo baadaye hununua tripu ya mchanga ili azibe shimo la uani kwake.

Athari ya pili iko kwenye magari. Yale magari ya kushindilia taka, ambayo kila halmashauri huyatamani kwa kuwa yanapendeza na hayamwagi, yalibuniwa kwa miji ambayo taka zake ni maboksi, makopo na vifungashio vyepesi vyenye hewa nyingi ndani. Taka za kwetu ni mbichi, zina maji na tayari ni nzito, kwa hiyo kushindilia hakuongezi sana kinachoingia. Na mchanga, ukipata nafasi katika pampu na mihuri ya mfumo wa kushindilia, hufanya kazi ya msasa mchana kutwa. Trekta yenye tela haina heshima kwenye picha za makabidhiano, lakini fundi yeyote mjini anaijua, vipuri vyake vinapatikana, na hakuna sehemu yake ambayo mchanga unaweza kuila kwa kasi ile. Sisemi manispaa isinunue gari la kushindilia hata moja. Nasema kwamba gari la aina hiyo lina nafasi yake sokoni, hotelini na maofisini, na kwamba kulipeleka kwenye mitaa ya mchanga ni kulifupishia umri.

Athari ya tatu iko Mangamba. Mtwara ilikuwa miongoni mwa miji iliyoingizwa kwenye mradi wa miji ya kimkakati, uliojulikana kwa kifupi kama TSCP, ulioanza mwaka 2010 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na dampo la kisasa la Mangamba ni moja ya matunda yake. Dampo la namna hii ni shimo lililotandikwa tabaka la kuzuia maji machafu yasiingie ardhini, na kila mita ya ujazo ndani yake imeshalipiwa kwa fedha ambazo sisi na watoto wetu tutaendelea kuzirejesha. Kuijaza nafasi hiyo mchanga, ambao hauozi, hautoi maji machafu na haumdhuru mtu yeyote, ni matumizi ya ajabu ya shimo la gharama.

Hapa mtaalamu wa mazingira anaweza kuniuliza, na kwa haki, kama sijui kwamba dampo la kisasa huhitaji kufunikwa udongo kila siku ili kuzuia nzi, harufu na moto, na kwa hiyo mchanga si adui huko. Ni kweli, lakini udongo wa kufunikia lazima ufike ukiwa peke yake ili utandazwe juu. Mchanga uliofika umechanganyika na maganda ya mihogo hauwezi kufunika kitu. Wenyewe unahitaji kufunikwa na mchanga mwingine, ambao manispaa itabidi iuchimbe na kuusafirisha. Hoja hiyo kwa hakika inaniunga mkono, kwa sababu upo mchanga mmoja ambao ungefaa kabisa kwa kazi hiyo, nao ni ule wa barabarani.

Mji wa Mtwara ulipimwa mwishoni mwa miaka ya 1940, wakati serikali ya kikoloni ya Uingereza ilipoamini kwamba karanga zingeugeuza ukanda huu wa kusini kuwa ghala la mafuta ya kula. Mpango ule wa karanga ulianguka na kuachwa mwaka 1951, lakini upimaji ulibaki, na pamoja nao barabara pana zilizonyooka ambazo wageni huzisifu. Barabara pana zina gharama yake: zina kingo ndefu za kufagia, nyumba zimetawanyika, na gari la taka hutembea mwendo mrefu kabla ya kujaza tani moja. Upande wa bahari, umbali wa kilomita kama 10, Mikindani ni mji wa karne nyingi wenye vichochoro ambavyo gari haliwezi kuingia hata dereva akiwa na moyo. Manispaa moja ina miji miwili yenye maumbile yanayopingana, na mpango mmoja wa magari hauwezi kuihudumia yote miwili sawasawa.

Kwa upande wa kufagia, tunachokiona kila asubuhi katika miji yetu ni akina mama wenye vizibao vya reflekta wanaoinama kando ya lami kabla jua halijapanda, wakisogeza mchanga kutoka ukingoni na kuufanya vichuguu vidogo kila baada ya hatua kadhaa. Kazi yao hufanywa vizuri. Kinachoharibu ni kile kinachofuata: vichuguu hivyo husubiri gari, gari huchelewa, kuku huvifukua, pikipiki huvipitia, na mvua ya kwanza huvirudisha vyote barabarani au huvisukuma mtaroni. Kesho yake mwanamke yuleyule huufagia mchanga uleule na kulipwa tena kwa kazi ileile. Nchi nzima tunalipa watu kuhamisha mchanga mita mbili kwenda na mita mbili kurudi, kisha tunashangaa kwa nini fungu la usafi halitoshi.

Kinachofanya jambo hili liwe gumu kuliko linavyoonekana ni mgawanyo wa madaraka. Tangu mwaka 2017 barabara za mitaa na mitaro yake ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Barabara kuu ziko chini ya TANROADS, wakala wa barabara wa taifa. Kufagia na kuzoa taka kumebaki kwa halmashauri. Mfagiaji wa halmashauri akisukuma mchanga mtaroni, kwa kitabu cha halmashauri barabara ni safi. Kibarua wa TARURA akiuzibua mtaro na kuacha tope ukingoni, kwa kitabu cha TARURA mtaro umezibuliwa. Kila ofisi imetimiza wajibu wake na mchanga haujaenda popote. Hapa hatuhitaji sheria mpya. Tunahitaji makubaliano ya maandishi, ya kurasa mbili tu, yanayosema kwamba kinachotolewa mtaroni huondolewa siku hiyohiyo, kwa gari la nani, na kwamba mitaro yote mikubwa huzibuliwa Oktoba, kabla ya mvua zetu zinazoanza kati ya Novemba na Desemba na kuendelea hadi Aprili. Mchanga huo wa barabarani na mitaroni, ukikusanywa peke yake, ndio unaoweza kupelekwa Mangamba kufunika taka, na hapo safari ya gari itakuwa na maana.

Mitaro iliyoziba katika mikoa ya Lindi na Mtwara ina gharama nyingine ambayo haiandikwi kwenye bajeti ya usafi. Hii ni mikoa ambayo kwa miaka mingi imebeba mzigo wa matende na mabusha, na mmoja wa mbu wanaosambaza vimelea vya ugonjwa huo mijini ni yule anayezaliana kwenye maji machafu yaliyotuama, yaani kwenye mitaro iliyoziba, makaro na madimbwi ya taka. Wizara imegawa dawa za kinga nyumba kwa nyumba kwa miaka, na watu wamefanyiwa upasuaji wa mabusha. Dawa hupambana na vimelea mwilini. Mbu anaachiwa mtaro. Wenzetu wa Lindi, ambao mji wao umekaa kati ya mlima na bahari na maji ya mvua hushuka kwa kasi yakibeba kila kilichoachwa njiani, wanalijua hili pengine kuliko sisi.

Nirudi kwenye taka za majumbani, kwa sababu ndiko mpango unakotakiwa kuanzia. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imezipa mamlaka za serikali za mitaa jukumu la taka ngumu, ikiwemo kuweka utaratibu wa kutenganisha taka pale zinapozalishwa. Tumelichukua neno hilo la kutenganisha na kuligeuza kuwa ndoto ya mapipa matatu ya rangi tatu, mapipa ambayo yakinunuliwa hugeuka kuwa ya kuhifadhia maji ndani ya mwezi mmoja. Kwa Mtwara, utenganishaji wa kwanza ungeweza kuwa rahisi zaidi: mchanga haupandi gari, na majani hayapandi gari kwa nyumba yenye nafasi ya kuchimba shimo. Viwanja vya Mtwara mjini, tofauti na vya Mikindani au vya katikati ya soko, mara nyingi vina nafasi hiyo. Reki ya mbao au ya chuma huokota majani na kuuacha mchanga ulipo. Fagio la chelewa lingebaki kwa barazani na mbele ya mlango.

Nani atasimamia hilo? Hakika si gari linalopita mara moja kwa wiki likipiga honi. Wanaoweza ni watu wanaofika mlangoni, wanaofahamiana na wenye nyumba na wenye uwezo wa kukataa kiroba kizito. Ndiyo maana naamini hatua ya kwanza, ya kutoka mlangoni hadi kizimbani, ingekabidhiwa vikundi vya mitaa vyenye mikokoteni na guta za injini, na manispaa ibaki na hatua ya pili, ya kutoka kizimbani hadi Mangamba, pamoja na dampo lenyewe. Wazo hili halikuzaliwa leo. Dar es Salaam ilianza kuwatumia wakandarasi binafsi katikati ya mji mwaka 1994, na kuanzia mwaka 1998 ikapanua utaratibu huo hadi kwenye kata nyingine kwa kuviingiza vikundi vya wananchi, kwa msaada wa Shirika la Kazi Duniani. Mafanikio yalikuwepo: watu wengi walipata ajira na mitaa ambayo haikuwahi kuona mzoa taka ikahudumiwa. Kasoro nayo ilikuwepo, na ndiyo tunayopaswa kuisoma zaidi. Vikundi na wakandarasi walipoachiwa kukusanya ada wenyewe kutoka kwa wateja, walielekeza nguvu kwa wanaolipa, wakaziacha pembe za watu maskini, na uhusiano wao na wakazi ukageuka kuwa wa mdai na mdaiwa.

Kwa hiyo mkono unaozoa taka usiwe mkono unaopokea fedha. Ada ilipwe kwa namba ya malipo ya serikali, kama zinavyolipwa huduma nyingine, na kikundi kilipwe na manispaa kwa kazi iliyothibitishwa na mtaa. Najua pingamizi litakalotoka mara moja, na linatoka kwa watu wenye uzoefu: halmashauri huchelewa kulipa, na kikundi cha vijana wanane hakiwezi kukaa miezi minne bila malipo huku guta likidai mafuta. Pingamizi hilo ni zito, na dawa yake pekee ni mkataba unaotaja fungu la ada ya taka kuwa la kulipia taka, unaoruhusu kikundi kusimamisha kazi baada ya siku kadhaa za kuchelewa, na unaolifanya deni hilo lisomwe kwa jina mbele ya Baraza la Madiwani kila robo ya mwaka. Halmashauri isiyoweza kukubali masharti hayo iseme mapema kwamba haina mpango.

Zipo sauti zinazotaka ada ya taka iingizwe kwenye Luku, yaani umeme wa kulipia kabla, kama ilivyofanyika kwa kodi ya majengo tangu mwaka 2021. Kwa ukusanyaji, hakuna njia inayoishinda. Hata hivyo naipinga, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ile tuliyokwisha kuiona kwenye kodi ya majengo, kwamba mpangaji anayenunua umeme hujikuta akimlipia mwenye nyumba, na katika nyumba yenye wapangaji sita na mita moja ugomvi haukosi. Ya pili ni kubwa zaidi. Ada inayokatwa taka zikizolewa au zisipozolewa humnyang'anya mwananchi silaha yake ya pekee. Mtu anayeweza kugoma kulipa ni kero kwa mhasibu, lakini ndiye anayemfanya msimamizi aamke kuuliza gari limekwama wapi.

Kuhusu kiwango, tuchukue mfano tu. Mji wa watu 146,000, tukikadiria watu wanne kwa kaya, una kaya kama 36,500. Kila kaya ikilipa shilingi 2,000 kwa mwezi, ni shilingi milioni 73. Zikilipa nusu, ni milioni 36 na nusu. Tofauti kati ya namba hizo mbili huzidi akiba yoyote inayoweza kupatikana kwa kubana mafuta, na haitafutwi kwa mgambo. Hupatikana pale ratiba ya mtaa inapobandikwa kwenye ofisi ya mwenyekiti na kufuatwa.

Muda wa mkataba nao ni jambo ambalo waandaaji wa zabuni hulichukulia kwa wepesi. Mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambao hugawanywa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, ulisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka uliofuata, na ni chanzo kinachofaa kabisa kwa kikundi kinachotaka kununua guta la injini. Kikundi kilichopewa mkopo wa kurejesha kwa miaka miwili na zabuni ya mwaka mmoja kimetegewa mtego. Aidha, malipo yasihesabiwe kwa tripu wala kwa tani, kwa sababu anayelipwa kwa tani ataupenda mchanga kuliko mtu yeyote. Alipwe kwa idadi ya nyumba alizohudumia na kwa hali ya mtaa wake, na kiroba cha mchanga kitakuwa hasara yake mwenyewe. Hapo hatuhitaji tena semina ya kumwelimisha.

Mpango wa mji huu hauwezi pia kupuuza kalenda yake. Halmashauri hupanga mwaka wa fedha kuanzia Julai na kuugawa katika robo nne kana kwamba taka huzalishwa sawasawa mwaka mzima. Mtwara haiishi hivyo. Kuanzia Oktoba minada ya korosho huleta fedha, malori, wageni na biashara ya usiku. Novemba na Desemba huleta maembe, na kokwa za embe zikilundikana sokoni nzi hawasubiri taarifa. Kisha mvua huanza, watu hufunga mwaka, na wanaoishi mbali hurudi nyumbani. Desemba ni mwezi wenye taka nyingi, nzito, zenye maji, na barabara mbovu za kuelekea vizimbani, na ndio mwezi ambao tunaukabili kwa idadi ileile ya vibarua wa Agosti. Vibarua wa msimu wa miezi mitatu, waliowekwa kwenye bajeti tangu mwanzo badala ya kutafutwa kwa dharura, wangebadilisha sura ya mji. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ambayo tumeizoea tangu usafi wa kitaifa ulipopewa msukumo Desemba 2015, inasaidia kuamsha watu, lakini nimeona mara nyingi marundo ya Jumamosi yakikaa hadi Alhamisi kwa sababu gari halikuwa limepangwa kwa ajili yake.

Majani na mabaki ya chakula yanaweza kuwa mboji, na katika udongo wetu wa kichanga usioshika maji mboji ina thamani ya kweli. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele kiko ndani ya manispaa hii na kingeweza kushauri kuhusu ubora wake. Lakini nina shaka na kiwanda kikubwa cha mboji cha manispaa, kwa kuwa mboji ni nzito, bei yake ni ndogo, na mkulima hataifuata mjini. Shimo la uani na bustani za shule zinatosha kwa kuanzia. Makumbi ya nazi ni kuni kwa wapikaji wengi na hayana haja ya kufika kizimbani. Chupa za plastiki tayari zina watu wake, waokotaji tunaowatazama kwa dharau ilhali wanaipunguzia manispaa mzigo bure, na umbali wa zaidi ya kilomita 500 hadi viwanda vya Dar es Salaam ndio unaokula faida yao. Eneo lililofunikwa paa la kuhifadhia hadi mzigo utoshe lori lingewafaa kuliko hotuba. Marufuku ya mifuko ya plastiki ya Juni 2019 ilisafisha sana, ingawa vile vifuko laini vya kufungashia vimeziba pengo kimyakimya. Wapo pia wanaokitazama kiwanda cha saruji cha Dangote mkoani kwetu wakikumbuka kwamba katika nchi nyingine tanuri za saruji huchoma taka kama nishati. Jambo hilo linaweza kujadiliwa, ila tanuri huhitaji taka kavu, zilizochambuliwa na zisizo na mchanga, kwa hiyo hata anayeota ndoto hiyo atapita kwanza kwenye ua wa mama anayefagia.

Nitaambiwa kwamba watu hawabadiliki. Moshi, mji ambao kwa miaka mingi umekuwa ukitajwa kuwa kinara wa usafi nchini, una watu wa kawaida kama sisi. Tofauti yake ni sheria ndogo inayotekelezwa kwa kila mtu na huduma inayofika. Nitaambiwa pia kwamba Moshi haina mchanga wa pwani. Hapo nakubali, na ndiyo sababu sipendekezi tunakili mpango wao.

Jambo la kwanza ningeliomba kwa waandaaji wa bajeti ni dogo na halihitaji mfadhili. Kabla ya kupanga idadi ya magari, bwana afya achukue mizani na turubai, achague vizimba vichache vyenye tabia tofauti, kimoja Mikindani, kimoja karibu na soko kuu, kimoja Majengo na kimoja Naliendele, amwage viroba juu ya turubai, achekeche na kupima kwa mafungu manne: mchanga, majani na chakula, plastiki na karatasi, na mengineyo. Afanye hivyo kwa wiki moja Agosti na wiki moja Januari, kwa sababu mizani ya kiangazi na ya masika hazitalingana. Matokeo yabandikwe kwenye ofisi za kata, na karatasi hiyohiyo iwe kiambatisho cha kwanza cha ombi lolote la gari jipya litakalopelekwa kwenye Baraza la Madiwani. Ikiwa mchanga utaonekana kuwa mdogo kuliko ninavyodhani, ombi la gari litakuwa limepata ushahidi wake; ukionekana mwingi, diwani atajua swali la kumuuliza mkuu wa idara kabla hajanyosha mkono kupitisha.